Namba Zangu na Daftari la Baba Yako

Tarehe 4 Februari

Kifungo changu,

Pokea salamu za mama yako, nyingi, na usiniulize kama nimezipima. Huku tu wazima. Baba yako anakohoa kidogo asubuhi, kawaida yake. Wewe je? Unakula? Ile baridi ya chumbani kwako imepungua? Nijibu hayo kwanza, maana mengine yote niliyonayo hayana raha.

Mwanangu, nimeduwaa. Naandika hapa kwenye meza ya kukatia, mikono imejaa chaki, na sijui nianzie wapi. Nianze na gauni la mwalimu mkuu. Unamfahamu, mteja wetu tangu hujaota meno. Nilimpima mwenyewe, nikataja namba, baba yako akaandika. Nikakata, nikashona, nikapiga pasi. Amekuja kujaribu: kifuani gauni limegoma kabisa, kiunoni linapwaya, angeweza kuficha mto humo ndani. Kufungua daftari, kifua themanini na nne, kiuno mia na mbili. Nimetaja kinyume! Mimi! Miaka thelathini na moja nataja bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono, kwa mpangilio huohuo, hata ukiniamsha usingizini nitautaja. Unajua namba dukani kwetu haisemwi mara mbili. Na daftari sijawahi kulikagua, kwa sababu baba yako alikuwa karani wa ghala mpaka alipostaafu akahamia dukani, na mwandiko wake ungeweza kuutundika ukutani.

Wiki iliyofuata, suruali za walinzi wa kiwandani. Yule mfupi kapewa miguu ya yule mrefu. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka.

Nilikwenda kwa daktari kwa ajili ya presha, nikamgusia habari ya kusahau. Akanipandisha kwenye mzani, kilo mia na kumi na nane, akatikisa kichwa. "Mama, mafuta haya hayakai tumboni tu. Uzito kama huu unaweza kuusumbua hata ubongo." Miaka yote najua unene uko kiunoni, kumbe umepanda mpaka juu! Baba yako alikuwa nami. Alisikia yote.

Sasa tumepata oda ya sare arobaini za walinzi hao hao. Nimejiapiza: nikiiharibu na hii, naweka mkasi chini na duka nalifunga. Sitaki watu waje kunionea huruma kwenye mlango wangu mwenyewe. Wewe unashinda na watu wanene huko kliniki unakofanya kazi, unawafunga mikanda kwenye baiskeli za mazoezi. Niambie ukweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu ya duka anayo baba yako, na mambo haya siwezi kuyasema akiwa ubavuni.

Mama yako


Tarehe 16 Februari

Shikamoo Mama,

Ninakula, chumba bado baridi, na mimi mzima. Hayo yamekwisha. Barua yako niliisoma nimesimama, nikarudia nimekaa, na mpaka sasa siamini. Mama yangu anayemtazama mtu akipita barabarani na kumtajia kiuno chake!

Umeniomba ukweli. Alichosema daktari kipo, ila amekirusha kama jiwe. Nitakueleza ninavyoelewa mimi mfunga mikanda. Mwilini kuna homoni inayoitwa insulini. Wengi wanaijua kwa habari ya sukari kwenye damu, lakini ubongo nao huisikiliza, katika mambo ya njaa na shibe, hata katika kushika kumbukumbu. Kwa watu wengi wenye unene mkubwa ubongo huanza kuwa mzito wa kusikia. Insulini inabisha hodi na mlango haufunguliwi.

Hapa kliniki tunawapandisha watu wa namna hiyo kwenye baiskeli zisizokwenda popote. Si kutembeza miguu tu. Ni mazoezi makali, mtu anakanyaga hadi hawezi kumaliza sentensi. Wanapigwa picha ya ubongo kabla ya kuanza na tena baada ya wiki kadhaa. Mama, baadhi yao picha zinabadilika. Ubongo unaanza kusikia tena, hata pale ambapo mzani haujashuka sana. Siku ya kwanza kuziona picha mbili zimewekwa pamoja nilibaki mdomo wazi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafuta jasho. Siahidi kitu. Si kila mtu, na si dawa ya kila kitu. Lakini sioni kwa nini uweke mkasi chini kabla hujajaribu.

Fanya hivi. Kwanza rudi kwa daktari, apime moyo na presha, akuruhusu kwa mdomo wake. Akikataa, usipande. Akikubali, anza kidogo: dakika moja ya nguvu zote, dakika mbili za pole, mara nne, siku nne kwa wiki. Ongeza taratibu.

Pili, usijibebeshe kila kitu kichwani. Mwachie Baba vidonge vyako vya presha, awe anakupa yeye kila asubuhi. Mwachie funguo. Barua zako azipeleke yeye posta. Karani ni karani.

Tatu, kila jioni kaa chini, andika kwa kumbukumbu vipimo vya wateja wote wa siku hiyo, halafu linganisha na daftari. Hesabu ulizokosa. Hivyo tutajua kama unapanda au unashuka.

Mwanao


Tarehe 11 Machi

Kifungo changu,

Marahaba. Natumaini baridi imekuonea huruma. Baba yako anakusalimu sana, na fundi baiskeli wa jirani anakusalimu pia, maana sasa ni mtu wa nyumba hii. Utaona kwa nini.

Daktari amekubali, akanipa na karatasi yenye muhuri, kana kwamba natafuta kazi. Nikaenda kwa fundi baiskeli nikamwambia nataka baiskeli ya kuendesha nikiwa nimesimama mahali pamoja. Alinitazama juu mpaka chini, akauliza, "Mama, unataka nguvu au unataka usalama?" Nikamwambia vyote. Amechukua baiskeli ya mizigo, ile ya chuma kizito, ameichomea stendi, gurudumu la nyuma linazunguka hewani. Halafu ameweka kipande cha tairi kuukuu kinachosugua gurudumu, chenye skrubu: ukikaza, ni kama unapanda mlima na gunia mgongoni. Kiti amekishona mwenyewe kwa sponji la sofa. Iko nyuma ya duka kati ya pipa la maji na mabelo ya kitambaa.

Siku ya kwanza nilidhani nakufa. Nasema kweli. Sekunde ishirini tu, moyo uko shingoni, macho yanaona nyota mchana kweupe. Nikajaribu kusema sentensi, kama wale watu wako wa kliniki, ikatoka "ho". Baba yako ndiye mshika saa. Anasimama na ile saa yake ya mkononi, mnyoofu, mwembamba, shati limechomekwa, ananiambia anza, ananiambia acha. Juzi alinisahau. Nilikanyaga dakika nne nzima badala ya moja! Nilipomlalamikia akasema nilimwambia mwenyewe aongeze. Huenda nilimwambia.

Vidonge ananipa yeye kila asubuhi na glasi ya maji, hachelewi. Funguo anazo. Jioni naandika vipimo kwa kumbukumbu. Jana walikuja wateja sita. Nilipolinganisha na daftari nilikuwa nimekosa namba tano. Niliona aibu, nikaichana ile karatasi.

Lakini usingizi umekuwa mtamu, na saa nane mchana siangukii tena meza. Hiyo nakupa bure.

Mama yako


Tarehe 20 Mei

Shikamoo Mama,

Mko wazima kweli? Nauliza kwa hofu si kwa desturi. Tangu ile barua ya Machi sijaona hata bahasha. Nimekuandikia mara mbili. Nimepiga simu dukani mara nne, Baba anapokea, ananiambia uko kwenye baiskeli, atakupa ujumbe, utanipigia. Hujanipigia. Mara ya nne aliniuliza nimefika lini kazini huku, kana kwamba nimeanza juzi. Nikacheka, nikasema, "Baba, mwaka wa tatu huu." Naye akacheka.

Mama, nimekukosea? Au ni ile habari ya kuhesabu makosa? Kama inakuumiza, iache. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


Tarehe 2 Juni

Kifungo,

Mimi mzima, na natamani ningeandika neno hilo likaishia hapo. Barua hii anaipeleka fundi baiskeli, na yako ndiye aliyeniletea, kwa kuwa baba yako ametoka.

Nimesoma barua yako mara tatu, jasho linanitoka. Nilikuandikia Aprili. Nilikuandikia tena mwanzoni mwa Mei. Naikumbuka bahasha, nakumbuka nilivyoilamba, gundi yake chungu. Nikamkabidhi baba yako, naye akasema amezituma. Na barua zako mbili unazozitaja hazijafika mkononi mwangu, wala sijapewa ujumbe wowote wa simu. Nimemuuliza. Ameniangalia kwa huruma, akasema, "Mama Kifungo, nilikupa. Ulizisoma hapo ulipokaa." Sasa nifanyeje? Karani wa ghala hajawahi kupoteza hata hati moja. Basi nimezisoma nikazisahau, na hizo zangu niliziota.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Nimepunguza kilo tisa. Napanda ngazi nikiimba. Kichwa changu kimekuwa chepesi, kimesafishika. Nakumbuka jina la kila mteja wa mwaka juzi, nakumbuka nani ana bega moja limeshuka. Jioni nikiandika namba zinakuja zenyewe, hazisiti. Halafu nalinganisha na daftari: Machi, wateja sita, nilikosa namba tano. Juzi, wateja sita, nimekosa kumi na moja. Kifungo, kadiri ninavyojiona mzima ndivyo ninavyozidi kuharibika! Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Mtu anayepotea huku akijiona amefika.

Sare za walinzi nimeanza kukata. Nane zimekuwa tayari, watakuja kujaribu mwezi ujao, zilizobaki nimeziacha mpaka niwaone. Nimeshazungumza na mtu wa kununua cherehani. Amesema atakuja Julai.

Mama yako


Tarehe 12 Juni

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Nimeipata barua yako na asante kwa fundi baiskeli.

Sina maneno mengi leo, nina swali moja. Hapa kazini kuna mizani mbili. Zikitofautiana hatusemi ya zamani ndiyo ya kweli. Tunaleta jiwe la kilo ishirini tunaliweka juu ya zote mbili.

Mama, unapolinganisha karatasi yako na daftari, umewahi kumpima mteja upya?

Usiuze cherehani kabla hujanijibu. Nimeuliza tu. Natumai ninakosea katika ninachofikiri, na sitakiandika.

Mwanao


Tarehe 9 Julai

Kifungo changu,

Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu utasikia mengine. Naandika nikiwa nyumbani kitandani, mkono wa kushoto una bandeji, kichwa kizima.

Juzi, tarehe saba, nilikuwa kwenye baiskeli. Dakika ya nguvu ilikuwa haijaisha, nikaona pipa la maji linasogea mbali. Nilipofumbua macho niko chini kati ya mabelo na fundi baiskeli ananipepea kwa kipande cha boksi. Wamenipeleka hospitali. Presha imeshuka mpaka muuguzi akapima mara tatu, hakuamini chombo chake. Moyo wakaupima, hauna neno. Yule daktari aliyenipa karatasi yenye muhuri akaja, nikajua atanikataza baiskeli. Badala yake akaniuliza vidonge viko wapi. Fundi baiskeli akakimbia kuvileta. Boksi la vidonge thelathini, kimoja kwa siku, tumelifungua tarehe ishirini na moja Juni. Lilikuwa tupu. Muuguzi akahesabu siku kwa vidole, akahesabu tena. Siku kumi na saba.

"Nani anakupa, mama?"

Nikasema, mume wangu. Na nilipolisema, mwanangu, nilikumbuka. Nilikumbuka asubuhi ile glasi ya kwanza, na nilikumbuka glasi ya pili baada ya nusu saa, na mimi nikimwambia, "Si umeshanipa?" na yeye akiniambia, "Umeanza tena, Mama Kifungo." Nikameza. Siku ngapi nimemeza kwa kuwa nilijiaminisha kwamba anayesahau ni mimi!

Swali lako nilikuwa nalo tangu Juni, nikawa naliogopa. Jana nikasema liwalo na liwe. Walinzi wanane walikuja kujaribu sare, nikawapanga mstari, nikawapima upya mmoja mmoja na mkono wangu huu wenye bandeji. Baba yako alikuwa amelala. Nikaweka karatasi yangu ya siku nilipowapima mara ya kwanza upande huu na daftari upande ule. Namba arobaini na nane. Zangu zote zimekaa. Zote, Kifungo! Za daftari, kumi na tisa si za mtu yeyote aliyesimama pale. Na zimeandikwa kwa mwandiko uleule mzuri, hata moja haijapinda. Nilikaa chini kwenye kiti cha wateja nikapiga mayowe, walinzi wakadhani nimechomwa na sindano.

Halafu nikaenda kwenye koti lake la mvua, lile analolivaa akienda posta. Barua zangu mbili zimo. Barua zako mbili zimo, hazijafunguliwa.

Sikuota. Sikuwa naota kitu.

Mnunuzi wa cherehani alikuja leo nikamfukuza, nikamwambia aende akauze ya mama yake. Lakini furaha sina. Nimepata kichwa changu na papo hapo nimeona cha mwenzangu kinavyokwenda. Niambie nifanye nini. Bado hajui kwamba najua.

Mama yako


Tarehe 18 Julai

Shikamoo Mama,

Mkono unaendeleaje? Umekula? Nauliza huku nimeshika kichwa.

Nimelia kazini mbele ya watu ninaowafunga mikanda. Mmoja wao, mama wa kilo zaidi ya zako, alishuka kwenye baiskeli akanibembeleza. Nikamwambia ukweli: nilimtazama mama yangu nikaona kilo. Ulisema namba zimekosewa, nikasikia unene. Kazi yangu nzima ni watu ambao kila daktari akiwaona anaona tumbo lao tu, hata kama wamekuja na jino bovu. Nami nikakufanyia lilelile. Mimi ndiye niliyempa Baba vidonge vyako. Mimi ndiye niliyempa funguo na barua. Baba mwembamba, mnyoofu, shati limechomekwa, nani angemtilia shaka? Aliniuliza nimefika lini huku, nikacheka! Nisamehe, Mama.

Vidonge vichukue leo hiihii, na uandike tarehe kwenye boksi. Daktari akisema upumzike, pumzika, halafu akikuruhusu urudi kwenye baiskeli. Usiiache. Kilichokuangusha ni vidonge. Baiskeli ndiyo iliyokupa kichwa cha kugundua yote haya.

Na Baba mpeleke. Mwambie unakwenda kwa ajili yako, akusindikize, halafu mwachie daktari. Huenda kuna kinachotibika, mengine huwa ni upungufu wa kitu mwilini au dawa au kusikia kubaya. Apande naye baiskeli kama ataruhusiwa, haitamdhuru. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kama ni ule ugonjwa ninaouogopa, hakuna baiskeli ya kumrudisha alikotoka.

Nimeomba ruhusa kazini. Wamesema Septemba.

Mwanao


Tarehe 30 Agosti

Kifungo changu,

Marahaba, mwanangu. Mkono umepona. Presha imekaa pale daktari anapoitaka, nimerudi kwenye baiskeli wiki ya tatu sasa, na sare za walinzi arobaini zimetoka, hakuna hata moja iliyorudi. Mwalimu mkuu ameagiza gauni jingine. Wewe nakusamehe, na usinirudishie tena habari hiyo, maana ulikosea kwa kunipenda, na mimi nilikosea kwa kuamini mwandiko mzuri.

Tulikwenda. Nilimwambia anisindikize, akavaa tai. Daktari alizungumza nami kidogo, halafu akamgeukia taratibu kama mtu anayeomba chumvi: "Mzee, hebu nichoree saa, unionyeshe saa tano na dakika kumi." Baba yako akachukua penseli. Akachora duara zuri sana. Halafu namba zote kumi na mbili akazipanga upande mmoja, zimebanana, upande wa pili mweupe. Akamrudishia karatasi na shukrani. Nilitazama ukutani. Wamemchukua damu, wamempiga picha, kuna kingine cha kusubiri, lakini daktari ameshaniambia uso kwa uso. Ni ule uliouogopa, ugonjwa wa kusahau.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu, na ndiyo siri yangu nzito kuliko zote.

Tulipofika dukani kutoka hospitali, baba yako alifunga mlango, mchana, wateja nje. Akakaa kwenye meza ya kukatia, mahali ambapo hajawahi kukaa. Akasema, "Mama Kifungo, nilikuwa najua." Nikamuuliza alijua nini. Akasema, "Mwaka wa pili huu. Unataja namba, nikifika kwenye mstari imeshaondoka. Naandika yoyote. Nilikuwa naona aibu kukuambia urudie, sisi haturudii." Akaendelea, anajitazama vidole. "Siku ile daktari aliposema ni wewe, ni ule unene, nilishukuru. Nilisema afadhali. Wakimtazama yeye hawatanitazama mimi."

Mwanangu, nilikosa pumzi kuliko siku yoyote ya baiskeli. Miezi mitano nimelala nikijiita mwendawazimu. Nimechana karatasi zangu za kweli. Nimetaka kuuza cherehani yangu. Nimemeza vidonge mpaka nikaanguka. Na mtu anajua! Nilijua nikifungua mdomo nitasema kitu ambacho hakitafutika. Nikapanda baiskeli nikakanyaga mpaka skrubu ya fundi ikalegea. Nikayapanga maneno yangu yote, moja baada ya jingine, nikasema kesho asubuhi nitakaa naye, nitamwambia alichonifanyia, alie na mimi nilie, ndipo tuanze upya.

Asubuhi nikampa chai. Nikakaa mbele yake. Nikasema, "Baba Kifungo, habari ya ulichoniambia jana."

Akasema, "Nilikuambia nini?"

Nimelala na mtu huyu miaka thelathini na minne, najua anapodanganya, hujikuna shingo. Hakujikuna. Nilimkumbusha hospitali, nikamkumbusha mlango alioufunga, meza aliyoikalia. Alinitazama kwa huruma iliyojaa uso mzima. Akasogeza kikombe changu karibu nami, akasema, "Pole, mke wangu. Daktari si alituambia utakuwa unachanganya mambo? Usiogope. Mimi nipo, nitakukumbusha."

Nilikuwa na maneno yangu yote pale mdomoni. Nilimwambia asante.

Mteja akaingia. Nikashika futi, nikataja bega, kifua, kiuno, naye akaandika kwa mwandiko wake mzuri, na mimi nikaandika zangu pembeni chini ya kitambaa asione.

Ukija Septemba, usipige simu kuniarifu, anapokea yeye. Niandikie kupitia kwa fundi baiskeli nije kukupokea mwenyewe. Nataka niongee na mtu anayejua kwamba ilitokea.

Mama yako